Suruali Zilizochelewa Vita

Kwaaaraaa!

Mama Pasi alikuwa ndani ya kichumba cha kujaribia nguo, pazia limefungwa, pini mdomoni, anarekebisha bega la koti lililoning'inia ukutani. Hakuona kitu. Lakini mtu aliyekulia katika duka la ushonaji huzijua sauti za kitambaa kama mzazi anavyojua vilio vya mwanawe. Kitambaa kikichanika kwa bahati mbaya hulia mara moja kikanyamaza, na anayefuata kulia ni fundi. Kikichanwa kwa makusudi hulia mpaka mwisho. Hiki kililia mpaka mwisho.

Akatema pini kiganjani, akavuta pazia.

Ndugu zake wawili walikuwa wamesimama kwenye ncha mbili za meza kubwa ya kukatia, kila mmoja kashika nusu ya shuka la kufunikia meza, wanahema kama waliokuwa wakikimbizwa. Kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, alikuwa ameinua kidevu. Mdogo wao, Pedali, alikuwa ameinua chake pia, ila kwa ufupi wake kilikomea kwenye kifua cha mwenzake. Rafuni, redio ilikuwa ikieleza kwa sauti ya upole kabisa kwamba vita vimeanza na kwamba dunia nzima inatarajiwa kushiriki.

"Nani kachana shuka la marehemu mama?"

"Muulize huyo," akasema Mkasi.

"Muulize huyo," akasema Pedali.

Ndivyo vita vikuu vilivyoingia katika duka lile: asubuhi, bila hodi, kabla hata ya chai.

Kuhusu chanzo cha vita, wataalamu walialikwa redioni wakazungumza wiki nzima. Mmoja alisema ni mipaka, mwingine akasema ni madini, na wa tatu, mwenye sauti nzito kuliko wote, akasema ni mambo ya kihistoria, kisha muda wake ukaisha. Ukiyapakua maneno yao yote, kilichobaki chini ya sufuria kilikuwa kisiwa. Kisiwa chenyewe kilikuwa jiwe katikati ya bahari. Hakikaliwi na mtu, ndege hutua wakapumzika, na maji yakijaa hata ndege huondoka. Mataifa mawili yalikuwa yamekipaka rangi kwenye ramani zao, kila moja rangi yake. Kila taifa lilikuwa na marafiki, na marafiki walikuwa na marafiki zao, na haukupita muda watu ambao hawajawahi kuiona bahari wakawa tayari kufa kwa ajili ya kinyesi cha ndege. Kambi moja ilijiita Mkataba, ya pili ikajiita Maafikiano. Kwa majina hayo ungedhani hakuna wa kugombana.

Dukani, sababu zilikuwa nzito zaidi. Mkasi aliwaunga mkono Mkataba kwa kuwa aliwahi kuiona picha ya kiongozi wao gazetini. "Tazameni bega la koti lile!" aliwaambia wateja. "Limelala, halina hata kunyanzi. Mtu mwenye fundi kama huyo hawezi kuwa na makosa." Pedali naye alikuwa upande wa Maafikiano kwa kuwa cherehani yake ilitengenezwa katika mojawapo ya nchi zao, na kwa miaka yote aliyoikanyaga haijamkatia uzi bila sababu. Asubuhi ile mmoja alitaka redio isome habari za huku, mwingine akataka isome za kule, na shuka la mezani ndilo lililokuwa karibu na mikono.

Na chini ya hayo kulikuwa na la zamani. Baba yao alipofariki alimwachia mkubwa mkasi, mdogo cherehani, na binti funguo za duka. Alidhani amewafunga pamoja: mmoja akate, mwingine ashone, wa katikati apige pasi, atoboe matundu ya vifungo na kufungua mlango. Hakufikiri kwamba kumfunga mtu na mwenzake ndiyo njia ya haraka ya kumfanya atafute kisu.

Siku hiyo hiyo Mkasi alichukua chaki yake ya bapa, akapiga magoti, akachora mstari kutoka mlangoni, ukapita chini ya meza kubwa, hadi ukuta wa nyuma. Ulinyooka kama uzi uliovutwa. Hata katika hasira mkono wake haukutetemeka. Upande wake ukabaki na mkasi, patroni za karatasi za kukatia nguo, na nusu ya meza. Upande wa Pedali ukabaki na cherehani, nyuzi na nusu nyingine. Redio iliwekwa juu ya mstari, na pasi, na Mama Pasi.

"Na mimi niko nchi gani?" akauliza.

"Wewe ni dada," akasema Mkasi.

"Hufungamani na upande wowote," Pedali akaongezea, kisha akagundua kwamba amekubaliana na adui, akajikohoza.

Kazi iliendelea, maana watu wakipigana bado wanavaa nguo. Mteja aliingia upande wa Mkasi akapimwa, kitambaa kikakatwa, Mama Pasi akavibeba vipande akavuka navyo mpaka, Pedali akashona. Mkono ukitokea mrefu, Pedali alisema kwa sauti, akiitazama dari, "Dada, mwambie wa ng'ambo kwamba binadamu si nyani." Na Mkasi, akiitazama dari ile ile, alijibu, "Dada, mwambie wa ng'ambo ashone alicholetewa, ya binadamu hayamhusu." Mwenye bucha, mtu mnene mwenye haraka, alipewa suruali yenye mguu mmoja uliopinduliwa upindo na mwingine haujapinduliwa, kwa sababu siku hiyo Mama Pasi alikuwa sokoni na hapakuwa na wa kupeleka ujumbe.

"Mnagombania nini nyinyi?" akafoka.

"Kisiwa," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Aliyekuwa akivuka mstari bila kujali alikuwa mtoto pekee wa Mama Pasi, fundi baiskeli aliyeitwa Mlingoti kwa urefu wake. Baba yake alikwishafariki, na wajomba wawili ndio waliomlea. Mmoja alimkatia kila suruali aliyowahi kuvaa, mwingine akaishona, na kila mwaka wote wawili walilalamika kwamba kijana anawamalizia kitambaa. Mchana alikuja kula dukani, mikono myeusi kwa grisi, akisimama mguu huku mguu kule.

"Mjomba Mkasi, shikamoo. Mjomba Pedali, shikamoo. Nipigieni muhuri basi, njaa inaniuma."

Wajomba walicheka kila mmoja upande wake, wakificha cheko wasionane. Mama Pasi alikuwa akimtazama mwanawe akila na kujiambia kwamba, ikiwa vita vyenyewe ndivyo hivi, basi vitapita.

Kisha nchi yao nayo ikaingia vitani. Iliingia Jumatatu, kwa kuwa uamuzi ulifikiwa Jumapili na ofisi zilikuwa zimefungwa. Iliingia upande wa Mkataba. Mkasi alipeperusha futi yake ya kupimia mlangoni kama bendera. Pedali alishona siku nzima, na pedali ya cherehani ilisikika hadi barabarani.

Wiki hiyo hiyo wakaja watu wawili wenye kofia wakawachukua vijana wa mtaa. Mlingoti alikuwa ameshika gurudumu la baiskeli ya mtu, aliliacha likizunguka.

Vijana walipelekwa uwanja wa mpira nje kidogo ya mji, wakafundishwa kutembea, jambo ambalo wengi walidhani wanalijua. Mama Pasi alikwenda kumtazama kupitia uzio. Alirudi dukani, akasimama juu ya mstari wake, akasema:

"Mtoto wangu ni mmoja. Kisiwa hicho sikijui. Nataka mtoto wangu."

"Atarudi shujaa," akasema Mkasi.

"Simtaki shujaa. Namtaka na grisi yake."

Pedali aliinamia cherehani yake. Alikuwa na la kusema, lakini wakati huo lilikuwa la uhaini.

Haukupita muda, lori la jeshi likasimama mlangoni, yakashushwa majora na majora ya kitambaa cha mabakamabaka. Nyuma yake akashuka ofisa wa stoo, mtu mwembamba mwenye tumbo dogo la kuazima, ambaye askari walimwita Afande Stoo.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi," akasema Mkasi.

"Mimi," akasema Pedali.

"Basi vizuri, mko wengi. Sikilizeni. Kikosi cha uwanja wa mpira kina bunduki, kina buti, kina wimbo. Hakina suruali. Kiwanda kimezidiwa. Suruali zikiwa tayari, wanapanda treni siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ni mbio."

"Si waende na za kwao?" akauliza Mama Pasi, ingawa hakutaka waende hata na za mfalme.

"Haiwezekani, mama. Askari asiye na sare akikamatwa anahesabiwa jasusi. Anapigwa risasi."

"Na akiwa na sare?"

Afande Stoo akafikiri. "Anapigwa risasi kwa heshima."

Mkasi alikwishaanza kuvua koti. "Utazipata kabla chai yako haijapoa, Afande. Hili ni duka la wazalendo. Upande huu, angalau."

"Kaka," akasema dada yake polepole, "mpwa wako yumo humo."

"Ndiyo maana atavaa iliyokatwa vizuri."

Sasa hapa lazima jambo moja la ufundi lielezwe, kwa sababu wanahistoria hawakulieleza. Patroni ya suruali huwa ya mguu mmoja tu. Mguu wa pili huzaliwa na mkunjo. Mafundi wawili husimama ncha mbili za meza, wakakunja kitambaa uso kwa uso, wakakitandaza; mkasi ukipita mara moja tu, juu unatoka mguu wa kushoto na chini unatoka wa kulia, kama mapacha. Miaka yote Mkasi alikuwa akikata hivyo, Pedali akiwa ameshika ncha ya pili. Alikuwa hajawahi kufikiria mguu wa kulia unatoka wapi. Ulikuwepo siku zote.

Lakini ncha ya pili ya meza sasa ilikuwa nchi ya adui. Mkasi hangemwomba adui amshikie kitambaa. Kwa hiyo alikikata kitambaa vipande vinavyotosha nusu yake ya meza, akavipanga kimoja juu ya kingine, vyote vimetazama juu, akaweka patroni, akakata. Alikata kwa uzalendo mkubwa. Mkasi uliimba, jasho likamtoka, na kila mguu uliotoka ulikuwa mguu mzuri, ulionyooka, usio na dosari, wa kushoto.

Mama Pasi akabeba furushi la kwanza akavuka nalo. Pedali akachukua kipande, akachukua cha pili, akavilinganisha. Akachukua cha tatu. Nyusi zikampanda.

"Dada, mwambie wa ng'ambo..." akaanza.

"Nimwambie nini?"

Pedali akamtazama dada yake. Kisha akakitazama kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha jeshi cha bei rahisi, kimechapwa mabaka upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa mweupe kama unga wa ngano. Ili mguu wa kushoto uwe wa kulia, ilibidi ugeuzwe, ndani uwe nje.

"Hamna," akasema. "Ya miguu hayanihusu. Mimi kazi yangu ni kushona nilicholetewa." Akapachika uzi, akakanyaga pedali, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile akaanza kupiga mluzi.

Kwake yeye ilikuwa hujuma ndogo kwa faida ya Maafikiano, na ilimpa raha isiyo na kifani kwa kuwa mwenye kosa alikuwa mtu mwingine.

Suruali ya kwanza ilipofika kwenye pasi, Mama Pasi aliikunjua akaiona. Mguu mmoja ulikuwa kichaka: kijani, kahawia, madoa ya majani. Mguu wa pili ulikuwa mweupe, unaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Majora mengi yalikuwa bado hayajaguswa. Neno moja tu, "Kaka, hebu njoo uone," na kosa lingesahihishwa kabla ya chakula cha mchana.

Mdomo alikuwa nao. Alikuwa na pasi pia. Alimfikiria Mlingoti akiwa nyuma ya uzio wa uwanja, mikono imetakata kwa mara ya kwanza maishani, akijaribu kumchekesha mama yake. Akalowesha kitambaa, akaishusha pasi, mvuke ukapanda. Akaupiga ule mguu mstari mkali wa kukata mkate. Kisha akaikunja suruali katikati, mguu mweupe ndani, wa kichaka nje, akaiweka. Akachukua ya pili.

Ukikunja suruali hivyo, haina mguu mwingine zaidi ya ule unaoonekana. Mkasi, ambaye alikuwa ameapa kutotazama upande wa adui, alipotupa jicho kwa wizi aliona rundo la mabakamabaka limepangika, kona kwa kona, akavimba kwa fahari.

Zilipokwisha zote, lori likaja likazichukua. Afande Stoo alisaini bila kufungua hata moja. Alikuwa na haraka. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake ushindi wa mapema.

Yaliyotokea uwanjani Mama Pasi aliyasikia baadaye kwa mwanawe. Vijana walipanga mistari, wakapewa amri ya kuvaa, wakavaa. Wakatazamana miguu. Kisha kikosi kizima, kuanzia mstari wa mbele, kikaanguka chini kwa kicheko. Kabla jua halijafika utosini walikuwa na wimbo mpya:

*Guu moja ni kichaka, guu la pili maziwa,*
*Adui akinisaka, nusu tu nitauawa,*
*Nusu nyingine haraka, nyumbani itapokewa,*
*Mkasi jeshi lataka kazi zaidi kupewa.*

Afande Stoo hakucheka. Alifika dukani na askari wanne wenye buti, akaingia bila kujua kwamba anavuka mpaka wa kimataifa, akaitupa suruali moja juu ya meza. Ikaanguka wazi, kichaka huku, maziwa kule.

"Nani kakata?"

"Mimi," akasema Mkasi, bado na fahari yake. Kisha akaiona. Aliichukua, akaigeuza, akauweka mguu mmoja juu ya mwingine kama mtu anayepima mkono wa maiti. Mama Pasi aliuona mkono wa kaka yake, ule ambao haukutetemeka wakati wa kuchora mstari, ukipapasa kutafuta mguu wa kulia.

"Hii ni hujuma," akasema Afande Stoo. "Na mtu wa hujuma wakati wa vita husimamishwa ukutani. Kitambaa kimekwisha! Treni inanguruma pale stesheni! Kikosi changu kimoja kinaonekana kama pundamilia aliyesahauliwa nusu! Sema, nani kakutuma?"

Mkasi aliikunja suruali, akaikunjua tena. Kusema "nilikosea" hakukuwamo katika nguo alizozaliwa nazo.

Redio siku zile ilikuwa na kipindi kilichoitwa Mageuzi ya Vita, na kila jioni mtaalamu alieleza ni wapi hasa mizani ilipogeukia: kwenye mlima fulani, kwenye mlango wa bahari fulani, pale jemadari fulani alipougua tumbo. Hakuna aliyetaja duka la ushonaji. Lakini kwa kadiri ya watu wa duka hilo, vita viligeuka hapo, Pedali aliponyanyuka kwenye kiti chake. Ushindi wote ulikuwa mkononi mwake. Adui wake alikuwa amesimama mbele ya askari wanne na kosa lake mwenyewe, na lililohitajika ni kunyamaza tu. Pedali akaukanyaga mstari, akavuka.

"Afande, kaka yangu hajakosea," akasema. "Kitambaa ndicho kilichokosea. Tangu lini kitambaa cha heshima kikawa na uso kisiwe na mgongo? Kimechapwa upande mmoja. Angefanya nini, akipake rangi?"

Mkasi akamtazama mdogo wake kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Akapata sauti.

"Na mdogo wangu kashona kama ilivyotakiwa. Tazama mshono huo. Vuta! Vuta kwa nguvu zako zote, Afande."

Afande Stoo akavuta. Mshono haukuachia.

"Halafu zote zimefanana," Pedali akaendelea, maana ulimi ulikwishapata njia. "Sare si maana yake kufanana?"

"Wewe nyamaza!"

"Na kitambaa kilichaguliwa na nani, Afande?" akauliza Mama Pasi kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani. "Na nani alisaini kwamba zimepokewa salama?"

Afande Stoo aliiachia suruali. Askari wanne walitazama buti zao. Ungeweza kuiona lawama ikitoka kwa Mkasi, ikipita kwa Pedali, ikikaribia mabega yake mwenyewe yenye nyota, na ungeweza kumwona akitafuta mahali pengine pa kuielekeza. Baada ya kunywa chai aliyopewa, alitangaza kwamba kosa ni la kiwanda. Kiwanda baadaye kilisema kosa ni la meli iliyoleta rangi kidogo. Meli ilikuwa ya nchi iliyokuwa upande wa Maafikiano. Kwa hiyo ilithibitishwa rasmi kwamba suruali ziliharibiwa na adui, na faili likafungwa.

Askari walipotoka, waliondoka na mpaka kwenye soli za buti zao. Chaki ilikuwa imefutika kuanzia mezani hadi mlangoni. Mkasi aliitazama sakafu, Pedali akaitazama sakafu. Hakuna aliyeinama kuchora tena, na hakuna aliyeomba radhi. Asubuhi iliyofuata Mkasi alitandaza kitambaa cha mteja, akaenda kwenye ncha yake ya meza, akasubiri. Pedali akaja akashika ncha ya pili.

Lakini treni haikusubiri. Treni ya vita haiondoki tupu. Badala ya kikosi cha uwanja wa mpira kilipandishwa kikosi cha mtaa wa juu, ambacho kiwanda kilikuwa kimekwishakishonea suruali safi, zenye miguu miwili inayofanana. Miongoni mwao alikuwamo kijana mkubwa wa Mama Mkate, jirani yao mwenye tanuri la mikate upande wa pili wa barabara. Mama Mkate aliwagawia vijana mikate ya moto kupitia madirisha ya treni. Mama Pasi alisimama kando yake akimsaidia kubeba kapu, na hakuweza kumtazama usoni.

Kitambaa kipya kiliagizwa. Meli ya kwanza ilizamishwa. Ya pili ilipotea njia. Ya tatu ilifika, ikaleta vyandarua. Kikosi cha uwanja wa mpira kiliendelea kufundishwa kutembea, hadi kikawa kinatembea vizuri kuliko kikosi chochote duniani.

Kisha vita vikaisha. Muda mfupi kabla ya kuisha, nchi yao iligundua kwamba moyo wake siku zote ulikuwa upande wa Maafikiano, ikahamia huko, na hivyo ikawa miongoni mwa washindi. Mkasi alikuwa ameshindwa akiwa mshindi, Pedali alikuwa ameshinda akiwa amepigwa vita na nchi yake mwenyewe, na wote wawili waliamua kwamba ni afadhali redio ipelekwe kutengenezwa. Kwenye meza ya amani iliandikwa kwamba kile kisiwa kitamilikiwa kwa pamoja. Baadaye mabaharia walitumwa kwenda kukipandishia bendera, wakazunguka wiki nzima. Kilikuwa kimepigwa mabomu kikazama tangu mwanzo wa vita.

Serikali ikataka gwaride la ushindi. Ilitafuta kikosi kilicho kamili, kisicho na mtu aliyepungua mkono au jicho, ikakipata kimoja. Nguo nyingine hazikuwepo. Hivyo Mlingoti na wenzake walipita mbele ya wakubwa, mguu wa kichaka, mguu wa maziwa, kichaka, maziwa, wakitembea kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Mtangazaji alipekua karatasi zake, kisha akawaeleza wasikilizaji kwamba mguu mmoja ni giza la vita na wa pili ni nuru ya amani, na kwamba wazo hilo ni la ofisa mmoja wa stoo mwenye maono. Afande Stoo alivishwa nishani. Suruali zile zikapitishwa kuwa sare rasmi, na duka likaahidiwa kazi zote za jeshi siku za mbele.

"Wanasema nilikusudia," Mkasi aliwaambia wateja kuanzia siku hiyo, bila kusema kama ni kweli. Wengine walimwita mpinga vita. Wengine walimwita msanii. Aliyakubali yote.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa akaingia Mama Mkate, unga ukiwa bado kwenye mikono, pamoja na kijana wake mdogo aliyekuwa ameanza kuota ndevu. Kijana alitaka suruali ya kwendea kazini. Yule mkubwa hakurudi na treni. Ilirudi suruali yake tu, safi, imekunjwa.

Mlingoti alikuwa kizingitini na grisi yake, akasogea kando, akainamisha kichwa. Pedali aliacha kukanyaga. Mama Pasi aliiweka pasi kwenye kisimamio chake.

Mkasi akampima kijana kiuno, akampima urefu. Redio, iliyokuwa imerudi kutoka kwa fundi, ilikuwa ikisema chinichini kwamba washindi wameanza kutofautiana kuhusu mahali hasa kisiwa kilipozama.

"Wanaanza tena," akasema Mama Mkate. "Huyu mwakani anafikisha umri." Alikuwa akimtazama Mkasi, si mwanawe. "Fundi, mtaa mzima unasema ulikata vile kwa kusudi, ukamwokoa mpwa wako na wenzake. Niambie ukweli. Ulikusudia?"

Hapo Mkasi angeweza kupata sifa aliyokuwa akiichezea miezi yote. Lakini aliona vizuri kilichokuwa ndani ya swali: kama alikusudia, basi alijua namna ya kumzuia kijana asipande treni, akawafanyia wa kwao, wa mtaa wa juu akawaacha.

Akamtazama mdogo wake. Akamtazama dada yake, aliyekuwa akilia bila sauti juu ya rundo la nguo zilizokwishapigwa pasi.

"Hapana, mama," akasema. "Nilikosea. Ni ubishi wangu tu. Nilitaka waende haraka."

Pedali akasema, "Mimi niliona nikanyamaza."

"Na mimi nilikunja," akasema Mama Pasi.

Mama Mkate alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikaa muda mrefu, akisugua unga mikononi mwake, na hakuna aliyethubutu kumwambia pole, maana alikwishaambiwa na serikali.

"Kwa hiyo lilikuwa kosa," akasema mwishowe. "Watu wenye akili timamu, wenye nishani, wenye ramani, hawakuokoa hata mtu mmoja. Lililookoa ni kosa." Akainua macho. "Basi, fundi, mimi sina la kukuomba ila hilo kosa."

Mkasi alienda kwenye meza kubwa. Aliuchukua mkasi wa baba yake, akaulaza mbele ya Mama Mkate, makali yakimwelekea yeye mwenyewe. Kijana alikuwa amesimama bado na futi shingoni, hajui aangalie wapi, akaiangalia suruali ya gwaride iliyoning'inia ukutani kama kielelezo cha sare rasmi, kichaka huku, maziwa kule.

"Kitambaa chao kitaletwa hapa," akasema Mkasi, na sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumza na wateja. "Wameahidi wenyewe. Siku watakapokileta, hatakuja mtu kunishikia ncha ya pili, na sitakunja. Nitakata miguu ya kushoto, mama, ya kushoto tupu, jora la kwanza mpaka la mwisho, kwa kusudi, macho yangu yakiona. Nakuahidi mbele ya hawa."

"Nami nitashona," akasema Pedali.

"Nami nitakunja," akasema Mama Pasi, akamshika jirani yake mkono wenye unga. "Nakuahidi, dada yangu. Huyu hapandi treni."